Gershom Aliyekata Minazi ili Jua Lipite

Ukimtaja Gershom Mweri pale Mwakirunge, watu hutikisa kichwa kwanza, kisha hucheka, kisha huona haya kwa kucheka. Si mtu mbaya, Gershom. Hajaiba kuku wa mtu, hajasogeza mpaka wa mtu, na kanisani hukaa benchi la nyuma akaimba polepole asimshinde mwenziwe sauti. Kosa lake ni moja tu: aliiamini serikali. Tena aliiamini mchana kweupe, akili zake timamu, shoka mkononi.

Ujana wake wote uliishia Changamwe, kwenye matangi ya mafuta. Alikuwa kibarua wa kuunganisha mipira ya kujazia malori. Lori likiingia, Gershom huparamia juu, hufungua kifuniko, huteremsha mpira, hungoja tangi lijae, hufunga, na lori huenda zake Nairobi, Kampala, na huko mbele ambako yeye hakupajua ila kwa majina yaliyoandikwa milangoni mwa malori. Mafuta ya taa, dizeli, mafuta mazito ya kuendeshea mitambo ya umeme, yote yalipita mikononi mwake. Miji ya watu ikawaka taa, na nyumbani kwake Mwakirunge Kafedha, mkewe, akipapasa sakafuni kutafuta kiberiti.

Akirudi mwisho wa juma alikuwa ananuka petroli hata baada ya kuoga. Kafedha alikuwa akimzuia asikaribie jikoni. "Kaa huko huko, Baba Velma," humwambia, "usije ukatuwasha sote." Na Gershom alicheka, akakaa huko huko, akaletewa chakula chini ya minazi.

Halafu mashine zikaja, vibarua wakapunguzwa. Hakuna aliyemtukana. Msimamizi alimwambia tu getini kwamba kesho asijisumbue, na kesho kutwa pia. Alirudi nyumbani na buti zake na kikohozi kisichosikia dawa wala tangawizi. Velma, binti yao wa pekee, alikuwa ameshaolewa Shanzu, kwa hiyo walibaki wawili, na kilichowalisha kikawa ni minazi aliyoipanda babake Gershom.

Hapa lazima nieleze jambo, maana wa bara hawalijui na wa pwani wengine wameanza kulisahau. Lile shamba halikuwa lao. Lilikuwa la ukoo wa Jamaludin, watu wa biashara wa siku nyingi, wenye duka la vitambaa Kongowea na nyumba nyuma ya duka. Babu yake Jamaludin ndiye aliyempa babake Gershom ruhusa ya kupanda. Na desturi ya huku kwetu ni kwamba ardhi huwa ya huyu na mti ukawa wa yule. Mti wako ukisimama, hakuna wa kukuambia ondoka. Utajenga chini yake, utalima chini yake, utazaa na kulea. Hakuna karatasi. Kila Ramadhani ikikaribia, mwenye mti hubeba nazi zake za kwanza akampelekea mwenye shamba za kupikia futari, na mwenye shamba humrudisha na tende na leso ya kujifunga mkewe. Hiyo ndiyo hati yenyewe. Lakini mtu aking'oa miti yake kwa mkono wake asipande mingine, basi amerudisha shamba. Hapo hakuna kesi wala baraza. Kila mtu Mwakirunge analijua hilo, na Gershom alilijua tangu utotoni, ndiyo maana huwa inauma zaidi kulisimulia.

Siku moja chifu aliita baraza, na mgeni alikuwa mhandisi kijana aitwaye Anis. Kijana mwenye adabu zake, mtoto wa Kisauni, aliamkia wazee mmoja mmoja kabla ya kufungua mdomo. Alisema nchi imeshaamua. Umeme wa kuchoma mafuta unaondoka. Unaokuja ni wa jua, wa upepo na wa mvuke wa ardhini, na haitapita miaka mingi kabla taa zote za Kenya hazijawaka bila tone la dizeli. Akasema Mwakirunge imechaguliwa iwe mfano. Kitajengwa kituo kidogo cha umeme wa jua pale kwenye mwinuko, sehemu iliyo wazi ambayo mwenye shamba ameshaikubali, nyumba za jirani zitawaka, zahanati itawaka, na atatafutwa mtu wa hapo hapo wa kukilinda kituo na kulipwa mshahara wa mwezi.

Ee Mulungu wangu, Gershom alivyosikiliza! Ungesema anasomewa Injili kwa mara ya kwanza. Mafuta yalikuwa yamemtafuna mapafu na kumtema getini, na sasa huyu kijana anasema mafuta nayo yanafukuzwa. Nguzo za umeme wa kawaida zilikuwa zimempita miaka mingi, zikielekea kwenye matimbo kunakochimbwa mawe ya kujengea, nyaya zikipita juu ya paa lake la makuti pasipo kupiga hodi. Aliuliza mara nyingi afungiwe taa, akaambiwa transfoma iko mbali, akaambiwa angoje. Jua halikuwa na transfoma. Jua lilikuwa pale pale juu ya kichwa chake, la bure, na mwinuko uliotajwa ulikuwa umepakana na nyumba yake.

Baada ya baraza alimfuata Anis hadi kwenye gari. "Mwanangu, huyo mlinzi mmeshampata?"

"Bado, mzee wangu. Tunampendelea anayekaa karibu zaidi."

"Karibu zaidi ni mimi. Nikikohoa nyumbani, hicho kituo chenu kitasikia."

Anis alicheka, akaandika jina lake.

Shida ilikuja walipoleta vifaa vyao vya kupimia. Mwinuko ulikuwa na minazi pande mbili: upande wa mawio ilikuwa ya Kahindi, jirani yao, mtu wa maneno makavu na mgema wa tembo la mnazi, upande wa machweo ilikuwa ya Gershom. Anis akasema paneli haziwezi kufanya kazi kivulini, na kwamba kwa kuanzia wanaomba kila upande ukate safu moja tu ya mbele.

Kahindi alimsikiliza hadi mwisho, kibuyu chake kwapani. "Kijana," akasema, "kama minazi yangu inawazuia, basi lihamisheni jua." Akaparamia mti wake akaendelea na ugema.

Huyo ndiye Kahindi. Kijiji kizima kilimwona mshamba, adui wa maendeleo. Hata mke wake aliona haya. Basi wale watu wa mradi wakafanya walivyoweza: kwenye ramani yao wakaziondoa paneli upande wa Kahindi wakazisogeza upande wa Gershom, na kwa kuwa sasa zilikuwa karibu na Gershom zaidi, haikutosha tena kukata safu ya mbele. Ilibidi ikatwe minazi yote.

Anis alikuja mwenyewe kumwambia, na uso wake haukuwa na furaha. "Mzee Gershom, si lazima. Ukikataa nitakuelewa, na mradi tutaupeleka kwingine."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyomtia wazimu. Kwingine! Nguzo zilimpita, mafuta yalimpita, na sasa jua nalo limpite? Alisema atakata.

Kafedha alikuwa akipepeta mchele aliposikia. Aliweka ungo chini. "Baba Velma, hiyo ni minazi ya kukata?"

"Inakatwa kwa kazi ya serikali. Si kwamba nachoma makaa."

"Serikali imekupa nini mkononi?"

"Neno lake."

"Neno la nani? La yule kijana? Yule ndiye mwenye shamba?" Kisha akasema kwa upole, maana alimpenda huyu mwanamume na petroli yake yote, "Usiache mbachao kwa msala upitao."

"Msala huu haupiti, Mama Velma. Unachimbiwa chini kwa saruji."

"Haya. Basi nenda Kongowea ukamwambie Bwana Jamaludin kabla hujashika shoka. Neno moja tu. Mwambie nakata kwa sababu hii na hii, nitapanda mingine pale bondeni."

Lilikuwa neno la busara, na laiti angelifuata nisingekuwa na la kusimulia. Lakini Gershom alikuwa na picha yake kichwani. Alitaka kwenda Kongowea taa zikishawaka. Alitaka kumwalika Bwana Jamaludin aje jioni, amkalishe kwenye kiti, abonyeze swichi ya ukutani mbele ya macho yake, ndipo aseme: shamba lenu limezaa hili. Kwenda kuomba ruhusa kama mtoto, kabla hana cha kuonyesha, kulimtia unyonge. "Nitakwenda," alisema. "Kila jambo na wakati wake."

Siku ya kukata ilikuwa sherehe, jamani, lazima ikubaliwe. Mnazi ukianguka hutoa shaha, ule moyo mweupe wa kileleni, mtamu kuliko muwa mchanga, na mtu hali shaha ila mnazi umekufa. Siku hiyo iliyokufa ilikuwa mingi, na kijiji kizima kilikula shaha hadi kikachoka. Watoto walinyang'anyana vipande, wazee walisahau kwamba hawana meno. Gershom alikuwa akigawa kwa mikono miwili, uso umemnawiri, akimwambia kila mtu kwamba wakirudi Krismasi watakunywa soda baridi kutoka kwenye friji. Alimpelekea Kafedha kipande kilicho laini kuliko vyote. Kafedha alikipokea, akakiweka kwenye sahani, akakifunika. Hakukila, na kesho yake alikitupa.

Magogo yakawa boriti za ua wa kituo. Visiki vikang'olewa kwa mashine ili ardhi ilale sawa. Mahali palipokuwa na kivuli tangu Gershom hajazaliwa pakawa uwanja mweupe unaoumiza macho, na nyumba yake ya udongo ikasimama peke yake juani, ndogo kuliko alivyowahi kuiona. Kafedha ikabidi apike ndani, nje hapakuwa tena pa kukaa.

Paneli zilikuja kweli. Zilifungwa, zikang'aa. Nyaya zilivutwa hadi kwenye nyumba ya Gershom, swichi ikapigwa ukutani, balbu ikaning'inizwa. Kilichobaki ni betri na mashine ya kugawa umeme, na Anis alisema ziko bandarini zinangoja kutolewa. Zikangoja. Mvua za vuli zikapita, zikaja za masika. Anis alipiga simu mara mbili tatu, sauti yake ikizidi kuwa ndogo, na mara ya mwisho akasema amehamishwa, kuna mwenzake atakuja. Huyo mwenzake hakuja. Baadaye mtu mmoja wa ofisini akamjibu Gershom kwa simu kwamba mpango umebadilika. Vituo vidogo vidogo havina faida, sasa nchi inataka mashamba makubwa ya jua yatakayopeleka umeme kwenye gridi. Gershom akauliza kama mshahara wake wa ulinzi nao umo kwenye gridi. Yule mtu akakata simu.

Lakini alilinda. Kila asubuhi alichukua leso kuukuu ya Kafedha akapangusa vumbi la matimbo kwenye paneli, moja baada ya moja, akikohoa. Jua liliziwakia kutwa nzima na hazikuwasha kitu. Kahindi alikuwa akipita na kibuyu chake akamsalimu, na kwa sifa yake niseme kwamba hata siku moja hakumwambia "nilikuambia."

Ramadhani ilipokaribia, Gershom alikosa usingizi. Hajawahi kukosa kupeleka nazi, na babake hakuwahi. Na sasa hakuwa na hata kidaka, ile nazi changa kabisa. Kafedha akasema, "Nenda mikono mitupu ukaseme kweli." Gershom akasema mikono mitupu ni matusi. Alikwenda soko la Kongowea, akanunua nazi, akachagua kubwa kubwa, akazitia kwenye gunia lake la kila mwaka, akabisha hodi nyuma ya duka.

Alipokelewa na Bi Mahfoudha, mamake Jamaludin, mama mtu mzima aliyekuwa akiketi barazani na tasbihi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Gershom. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Nimeleta nazi za futari."

Bi Mahfoudha alitia mkono guniani, akatoa nazi moja, akaitikisa karibu na sikio, akapitisha kidole kwenye kifuu. Alimtazama Gershom kwa muda. Kisha akaita ndani waletewe tende, na safari hii zilikuwa nyingi kuliko kawaida, na leso akampa mbili, mpya, za rangi nzuri. Akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mwenyezi Mungu akulipe kheri," akasema. "Mumekaa nasi kwa wema, wewe na babako."

Gershom alirudi akiwa mwepesi kama amevuliwa mzigo. "Wamefurahi!" alimwambia mkewe. "Tazama, leso mbili!" Kafedha alizifunua zile leso, akazitazama, akazikunja. Moyo wake ulikataa kufurahi, lakini hakujua kwa nini, akanyamaza.

Habari ya shamba kubwa la jua ilifika kwa redio kabla ya kufika kwa miguu. Ikasemwa pwani ina jua la kutosha kuendesha viwanda vya Changamwe na bandari yote, na kwamba mwekezaji amepatikana. Mwinuko wote umenunuliwa, pamoja na bonde, kutoka kwa mwenyewe, Bwana Jamaludin. Wakaazi wasiwe na hofu, kila mwenye mti atalipwa mti wake kwa haki, apate pa kwenda kuanza upya.

Kusema kweli, Gershom alifurahi. Alimwambia Kafedha, "Waona? Nimewatangulia. Watanikumbuka, mimi ndiye niliyeanza."

Akaja Brandon, mkadiriaji, kijana wa kutoka bara mwenye kofia na simu pana ya kuandikia, na wenzake wawili wenye makopo ya rangi nyekundu. Walianza kwa Kahindi. Kila mnazi ulipigwa nambari, hata ule uliopigwa radi ukabaki shina, kwa kuwa shina lilikuwa limesimama. Kahindi aliwafuata mti kwa mti, kimya, kofia mkononi. Naye hakuwa na furaha, maana ile ilikuwa minazi yake, lakini alijua kwamba ana mahali pa kuanzia.

Kisha wakavuka kwa Gershom, wakasimama kwenye uwanja mweupe, wakatazamana.

"Mzee, yako iko wapi?"

"Hapa mulipo. Hapa palikuwa na minazi kila upande. Nilikata kwa ajili ya mradi huu huu. Muulizeni Anis."

"Anis nani?"

"Mhandisi. Wa serikali. Alikuwa na gari jeupe."

Brandon alijikuna kisogo. Hakuwa mkorofi, ilionekana hata yeye hapendi kazi yake saa hiyo. "Mzee wangu, mimi nahesabu kenye naona. Miti sioni. Hizi paneli ni za serikali. Hii nyumba ni ya udongo na makuti, wanaiita ya muda."

"Ya muda? Mimi nimezaliwa humo!"

"Najua, mzee. Lakini wewe uko hapa kama nani? Mwenye shamba alisema upande huu hauna mtu."

Gershom alifikiri amesikia vibaya. Akauliza tena, akajibiwa vile vile. Wale wenye makopo ya rangi walikuwa wameshaanza kutembea kuelekea bondeni.

Hakungoja hata chai. Alifika Kongowea kwa miguu yenye vumbi, akapita moja kwa moja dukani. Jamaludin, mtu wa makamo, mnene, mwenye sauti ya chini, alikuwa akimpimia mteja kitambaa. Alipomwona aliacha rula, akamkaribisha ndani kwa heshima, akaagiza aletewe maji.

"Bwana Jamaludin," Gershom alisema kabla maji hayajafika, "umeuza shamba na mimi nimo ndani yake."

"Umo ndani yake vipi, Gershom? Si ulirudisha?"

"Nilirudisha lini?"

Jamaludin alimtazama kama mtu anayetazama nyufa zikitembea ukutani. "Tuliambiwa umeng'oa minazi yote hata visiki. Sikuamini. Nikamwambia mama, Gershom si mtu wa kung'oa bila kusema, tungoje Ramadhani. Ramadhani ikaja, ukaleta nazi za soko. Mama alizijua palepale. Akasema, basi ni kweli, ameng'oa, na ameona haya kutamka, amekuja kutuaga kwa adabu. Ndio akakupa leso mbili, ya mkeo na ya kuagana. Tuliona umefanya jambo la kiungwana, wallahi. Tulikusifu hapa nyumbani."

Gershom alikuwa ameshika bilauri bila kunywa. "Mimi nilidhani mumefurahi," akasema.

"Lakini ulikuwa na haja gani ya kununua nazi? Ungekuja mikono mitupu ukanambia, Jamaludin, nimekata kwa sababu hii, ningekupa ruhusa upande mingine siku ile ile! Mwaka mzima shamba lile liliulizwa na wanunuzi na mimi nakataa, kwa sababu ya watu waliomo. Upande wako nikasema hauna mtu, kwa kuwa wewe mwenyewe ulinambia hivyo." Akavuta kiti akakaa. "Nimeshatia sahihi. Nikisema leo kwamba mtu yupo, nitaonekana niliuza kwa uwongo."

Hakuwa anasema kwa ukali, na hilo ndilo lililomvunja Gershom. Angetukanwa, angetukana. Angekuta dhuluma, angetafuta wakili, au angalau angekuwa na wa kumlaani. Lakini hapa palikuwa na watu wawili wenye adabu, na adabu yenyewe ndiyo iliyommaliza. Bi Mahfoudha alikuwa ameingia, amesimama mlangoni na mkono kifuani. "Ewe Mola," alikuwa akisema polepole, "ewe Mola wangu, mimi nilimuaga mtu ambaye haendi." Alilia waziwazi, mama wa watu. Jamaludin alitaka kumpa kitu cha kumsaidia. Gershom alikataa, akasema hana tena nazi ya kurudishia.

Jioni alimweleza Kafedha yote, hakuficha hata la nazi. Alingojea amlaumu, maana alistahili. Kafedha alikaa chini kando yake, akamwambia, "Mimi nami niliziona zile leso zilikuwa mbili, na nilinyamaza. Majuto ni mjukuu, Baba Velma." Walikaa hivyo. Juu ya vichwa vyao ile balbu iliyoning'inizwa na Anis ilikuwa imeshika utando wa buibui, na koroboi lilikuwa likiwaka chini yake. Kwa Velma Shanzu hawawezi kwenda, chumba ni kimoja na watoto wawili. Bondeni kumeuzwa. Kwingine, popote palipo na nafasi ya kupanda mnazi pana mwenyewe, na wenye mashamba siku hizi hawakubali tena miti ya watu, wamejifunza.

Brandon alirudi juma lililofuata, peke yake, na Gershom alipoliona gari moyo ulimruka. Alitoka nje bila viatu. Kijana alikuwa akitabasamu kidogo, kama mtu aliyeleta angalau habari njema.

"Mzee, kuna kitu nilisahau kuhesabu. Pale nyuma ya nyumba. Lile kaburi ni lenu?"

"La babangu."

"Basi hilo ni lako, hakuna ubishi. Makaburi yanahesabiwa, ni sheria. Mradi utagharamia kumtoa na kumzika upya. Hata jeneza jipya." Alikuwa anajitahidi, masikini, kusema kwa furaha. Walizunguka nyuma ya nyumba pamoja, Kafedha akiwafuata, na Brandon akapiga nambari nyekundu kwenye saruji ya kichwani, juu kidogo ya msalaba. Ilikuwa ndiyo nambari ya kwanza na ya mwisho kuandikwa upande ule wa shamba. Kisha akafungua simu yake pana.

"Sasa mzee, niambie tu tutampeleka wapi. Shamba lenu lingine liko wapi?"

Gershom aliinama, akang'oa jani lililoota kando ya kaburi.

"Hata kijiji tu. Nataka jina la mahali nijaze."

Gershom alimtazama Kafedha, na Kafedha alitazama chini. Upande wa mawio mashoka yalikuwa yakilia kwenye minazi ya Kahindi.

Brandon alingoja, kidole kikiwa juu ya kioo. Alikuwa kijana mstaarabu, akangoja zaidi ya alivyopaswa. Mwisho akaandika kwamba mwenye kaburi hana mahali, akamsogezea Gershom simu aweke kidole gumba kukubali kwamba ni kweli, na Gershom akakipangusa kidole kwenye suruali, akaweka.